Barua Yako Ilikuwa Kwenye Mkoba Wangu

Mzee Ngonyani,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini miaka sita nimeingia ofisini kwako kila asubuhi nikianza na hiyo, na siwezi leo kukuanza hivi hivi kama mtu wa rika langu. Kwa hiyo shikamoo, Mzee. Itikia huko huko uliko.

Ni mimi Zuhura, yule binti wa Tabora uliyempokea stendi akiwa na kandambili miguuni na meno yanagongana kwa baridi ya Songea. Naandika nikiwa mezani kwako. Ndiyo, wamenipa meza yako. Kiti nimekikataa, nimevuta kile cha masjala chenye mguu uliofungwa waya, na watu wananicheka. Waache wacheke.

Nina hasira, nakuambia mapema usije ukashangaa. Nina hasira na bosi, nina hasira na makao makuu, na zaidi ya wote nina hasira na mimi mwenyewe. Na wewe pia kidogo, kwa kufa Jumanne. Ungesubiri wiki moja tu ingekuwa nini? Astaghfirullah. Lakini ndivyo ninavyosema moyoni kila nikifungua hii droo, na kama sikuambii wewe nitamwambia nani.

Hujui ile barua iliishia wapi. Nimekaa mwaka mzima bila kukuambia, kana kwamba ukikaa kaburini hujui basi mambo ni salama. Leo nakuambia yote.

Unakumbuka Dawati letu la Majadiliano lilivyokuwa: bosi, wewe, mimi, na feni isiyozunguka. Mtu wa Majengo ukimweleza kazi yetu alikuwa anaangua kicheko. Eti tunakwenda kumuuliza mkulima wa Maposeni anataka nchi yake iseme nini ikikaa meza moja na nchi nyingine za dunia kupangiana ushuru! Yule muuza duka la vifaa alikuuliza siku moja, "Kwa hiyo ninyi ndiyo mnaongea na Wazungu?" Ukamjibu bila hata kutabasamu, "Hapana. Sisi tunaongea na anayeongea na wanaoongea nao." Nilicheka mpaka nikatoka nje. Baadaye nikaona kuwa hukuwa unatania, ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa.

Wenzetu wa mikoa mingine walikuwa wanajaza jedwali ofisini, "kama mwaka jana", na kutuma. Wewe hukutaka. Uliniburuza mpaka Maposeni, ukatuketisha barazani kwenye ile nyumba ya mashine ya kusaga soya ambayo akina mama wa kikundi walifyatua matofali yake wenyewe, ukasema, "Leo Zuhura ni nchi kubwa. Ana soya nyingi, ana viwanda, anataka kuleta unga wake hapa bila ushuru. Haya, akina mama, ongeeni naye." Kha! Walinishukia! Mimi najitetea kwamba unga wangu ni wa bei nafuu, watoto watashiba, Mama Beata ananikatiza, "Wewe nchi kubwa, serikali yako imekusaidia mbegu, imekusaidia mbolea, imekusaidia mpaka trekta, halafu unakuja kusema unauza rahisi kwa akili zako?" Wewe ulikuwa pembeni unaandika kila neno, kwa ule mwandiko wako wa kulala, na togwa yako inapoa kwenye kikombe cha bati. Tulirudi na kurasa kumi na moja. Nilikuambia makao makuu hawasomi kurasa kumi na moja. Ukasema, "Wasisome, lakini ziwepo."

Na ndiyo maana unga wa soya ulikaa kwenye ile orodha ya bidhaa ambazo nchi yetu hailegezi ushuru. Haukukaa kwa bahati. Uliukalisha wewe, mwaka baada ya mwaka.

Halafu ikaja ile rasimu mpya, na unga wa soya umeondolewa kimya kimya, mstari wa katikati, ukurasa wa nne. Wewe ndiye uliyeuona. Na chini kabisa yale maneno: mkoa ambao hautajibu hadi Ijumaa saa tisa na nusu alasiri utahesabiwa umeridhia. Mimi niliona ni ubabe tu wa makao makuu. Ukanieleza kwamba hata huko juu, kwenye meza zenyewe kubwa, wanafanya hivyo hivyo, karatasi inazungushwa, saa inawekwa, na aliyenyamaza saa ikifika amekubali. "Huko hawapigi kura, binti. Wanasikiliza nani kanyamaza." Ukaandika barua ya pingamizi Jumamosi, kwa mkono, ukasema Jumatatu niichape.

Jumatatu ukawa hospitali. Nilikuja jioni, umelala upande, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki. Ule mkono wa kuandikia. Mama wa nyumbani kwako alikuwa anakulisha uji kwa kijiko. Uliponiona ulisema maneno mawili tu, kwa shida, na Mama akadhani unaweweseka. "Barua. Ijumaa." Nikakushika mguu juu ya shuka, nikasema nimesikia, Mzee, itakwenda. Alfajiri ukaondoka.

Barua niliichapa Jumatano, nalia, na makosa nikayasahihisha mara mbili. Ilibaki saini ya bosi, na wewe unajua bila saini ya bosi na muhuri hakuna karatasi inayotoka pale. Bosi alikuwa Dodoma. Alirudi Alhamisi usiku akafikia moja kwa moja msibani kwako Majengo, na hapo hapo wakamfanya mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Basi nikasema nitampata kesho. Nikaiweka barua kwenye mkoba, kwenye bahasha ya kaki, na muhuri nikauchukua pia, na kidau cha wino, nikavifunga kwenye mfuko wa nailoni, ili akisaini tu niipige picha niitume kwa simu.

Ijumaa ofisi ikafungwa. Yaani walifunga kabisa, wakabandika karatasi mlangoni, "Tumekwenda kuzika". Si ndiyo desturi yetu? Mwenzetu akifa hatubaki hata mmoja. Na mimi nilikuwa naisifia hiyo desturi, nilikuwa nawaambia ndugu zangu Tabora kwamba watu wa huku wanazikana vizuri.

Tulifika kijijini kwenu Madaba saa nne. Nikamfuata bosi kabla ya misa, anapokea mikono ya watu, nikamnong'oneza, "Bosi, ile barua ya Mzee, mwisho ni leo." Akaniangalia kama nimemtukana. "Zuhura. Leo tuna msiba." Watu wawili waligeuka. Nikaona aibu, Mzee. Nikaona aibu nikarudi nyuma.

Sikurudia. Hilo ndilo ninalokuja kukuambia, mengine yote ni maelezo. Sikurudia tena. Nilikaa benchi la nyuma kanisani, mimi Muislamu na mtandio wangu mweusi, mkoba mapajani, na bosi akasimama mbele akasoma wasifu wako. Akasema marehemu hakuwahi kulaza faili. Watu wakaitikia, kweli, kweli kabisa. Na faili lako la mwisho lilikuwa limelala pale, juu ya magoti yangu, niliishika bahasha kwa nje na kuisikia pembe zake. Ningesimama? Ningepita katikati ya kanisa na karatasi ya soya, jeneza lako liko pale na maua, niseme naomba saini? Nilijiambia ni heshima. Nilijiambia Mama atanionaje, wanao watanionaje. Lakini wewe ungenionaje sikujiuliza, na wewe ndiye uliyekuwa mwenye msiba.

Usiniambie hakukuwa na mtandao. Nilitaka iwe hivyo ili nipumue. Nyuma ya shule ulikuwepo, niliwaona vijana wamejipanga pale wanatuma picha. Picha ya jeneza lako ilifika Dodoma saa nane mchana, watu wa makao makuu wakajibu kwa pole na alama za mikono iliyofumbatwa. Barua yako haikufika. Saa tisa na nusu nilikuwa nimekaa kwenye turubai na sahani ya ugali na nyama, nikatazama saa ya simu, ikapita. Nikaendelea kushika sahani.

Jumatatu ujumbe ukaja: mkoa wenu umehesabiwa umeridhia. Nikampelekea bosi. Akasoma, akavua miwani, akasema, "Ah. Basi imeshapita, tusichokonoe." Barua yako akaniambia niiweke kwenye jalada na niandike juu yake imeshughulikiwa. Niliandika, Mzee. Kwa mkono wangu huu. Imeshughulikiwa.

Sasa nikupe habari za mjini. Ule mstari wa ukurasa wa nne ulipita ulivyo, na ushuru ukashuka. Pita Majengo leo, kila duka kuna pakiti za unga wa soya wa nje, za plastiki zinazong'aa, na picha ya mtoto mnene mwenye mashavu. Ni rahisi, siwezi kusema uongo, na watu wananunua, utawalaumu? Wale waliokuwa wanachukua unga wa lishe wa Maposeni kwa ajili ya shule wamebadili. Mashine ya akina mama inawashwa siku moja kwa wiki, mara nyingine wiki mbili iko kimya. Wameanza kung'oa soya na kurudi kwenye mahindi matupu, kama zamani kabla hujawashawishi. Maana ni wewe uliyewashawishi, usisahau.

Mama Beata alikuja ofisini mara tu baada ya mvua za kwanza. Alikuja na daftari lake, lile lenye jalada la bluu, ameandika siku uliyokwenda na ulichosema, kwamba sauti yao itafika. Alikaa hapa hapa mbele ya meza hii, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ilifika?"

Na mimi nikamwambia wamekataa huko juu.

Nilimdanganya. Maneno yalitoka yenyewe. Na unajua alifanya nini? Alinionea huruma! Akasema, "Pole, mwanangu, na wewe umebaki peke yako na hao watu." Akanitolea chikanda cha mizizi ya porini kwenye kapu, amekifunga kwenye gazeti kama ulivyokuwa unatuletea wewe, akaniachia. Nilikaa nakiangalia mpaka saa za kazi zikaisha. Sikukila. Nilimpa mlinzi.

Ningeweza kuishi na huo uongo, sikufichi. Watu wanaishi na mambo makubwa zaidi na wanapanda vyeo. Lakini wiki iliyopita ikaja barua nyingine. Wanasema ile orodha sasa inapelekwa kwenye mazungumzo yenyewe, ile meza ya nchi zote, na ikishafungwa huko ndiyo imefungwa, siyo ya kubadilisha mwaka kesho kwa sababu mkoa umelalamika. Ushuru hauwezi kupandishwa tena bila kuwaomba wenye dunia yao. Kwa hiyo kila mkoa uthibitishe kwamba wakulima walishirikishwa na waliridhia. Na chini, maneno yale yale, kama wameyachonga kwenye jiwe: asiyejibu hadi Ijumaa saa tisa na nusu amethibitisha.

Nikampelekea bosi. Hakuisoma hata mpaka mwisho. "Tusijibu," akasema, "tukinyamaza inajijibu yenyewe." Halafu akatabasamu, akaona amesema jambo la akili. Mzee, nilitaka kumrushia kile kidau cha wino.

Jana Alhamisi nikaomba ruhusa ya hospitali, uongo mwingine huo, nikaenda Maposeni. Niliwakuta wanapukuchua mahindi kwenye baraza ile ile. Sikukaa. Nilisema kabisa nikiwa nimesimama: haikukataliwa, haikufika. Nikawaambia kuhusu bahasha, na muhuri, na kanisa, na sahani ya ugali. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza punje zilikuwa bado zinadondoka kwenye beseni.

Mama Beata akaniuliza, "Kwa hiyo siku ile ya Madaba karatasi yetu ilikuwa kwenye huo mkoba wako?"

Nikasema ndiyo.

"Na sisi tulikuwa nyuma ya kanisa tunapika."

Walikuwepo, Mzee. Mimi sikujua. Kikundi chote cha Maposeni kilikuja kukuzika, walikodi gari na masufuria yao, ule ugali nilioushika ni wao waliousonga. Hatua hamsini kutoka nilipokaa na aibu zangu. Akaniambia, na hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza, "Ungekuja ukatuambia tu. Tungemkamata mkono huyo bosi wako na unga wetu mikononi, akasaini pale pale kwenye mfuniko wa sufuria. Ulituonea aibu sisi?" Nikalia. Hawakunibembeleza, na nawashukuru kwa hilo. Mama Beata akanisogezea beseni akasema, "Kaa upukuchue, huku unatuambia leo tunafanyaje."

Tulifanya hivi. Nilifungua jalada, nilikuwa nimekuja nalo mkobani pamoja na kidau cha wino, nikatoa barua yako, ile yenye maneno yangu ya uongo juu yake, nikayakata kwa mstari mmoja nikatia sahihi kando. Nikaongeza kurasa zako kumi na moja. Akina mama wakaweka majina yao, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba kwa wino wa ule ule muhuri. Na juu ya vyote nikaandika karatasi moja fupi kwa jina langu, maana bosi alikataa kugusa kalamu. Nimeandika: "Mkoa huu haukuridhia. Siku mliyotuhesabu tumenyamaza tulikuwa tunamzika aliyeandika pingamizi. Pingamizi lenyewe ni hili." Basi. Nilitaka kuongeza mengine, nikakumbuka ulivyokuwa unanikata maneno kwa kalamu nyekundu.

Nimeituma leo Ijumaa saa tatu asubuhi. Saa tatu, siyo tisa. Wamejibu kwamba wameipokea. Hicho tu. Najua "tumepokea" ya makao makuu maana yake nini, sina ujinga huo tena. Huenda imeshatupwa. Huenda yule anayekwenda kukaa kwenye ile meza hatafungua hata ukurasa mmoja, na mtoto mwenye mashavu ataendelea kututazama kwenye kila duka la Majengo mpaka nizeeke. Bosi ameniita saa nne akaniambia nimejiandikia barua ya uhamisho kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia asante, angalau hiyo itasainiwa mapema. Ungekuwepo ungenikanyaga mguu chini ya meza.

Sikuombi msamaha kwa maandishi. Nitakuja Madaba na Mama Beata na wenzake, kabla hawajanihamisha, na nitauomba nikiwa nimesimama pale nilipotakiwa kusimama siku ile. Mama hajambo, miguu tu inamvimba. Bado anakupikia uji asubuhi, akikumbuka anamwaga.

Lala salama, Mzee wangu. Mungu akurehemu kwa jina lolote unalomwitia. Ahadi yangu ni moja, na nimeshawaachia akina mama wa Maposeni waishike wao, kwa sababu mimi mwenyewe sijiamini. Nimewaambia nikifa siku ya mwisho ya kujibu, wasije kunililia kabla hawajapita ofisini. Barua itoke kwanza, ndipo nizikwe. Na sisi Waislamu hatukai sana na maiti, kwa hiyo wamwambie atakayekuwa bosi asaini haraka.

Wako,
Zuhura